Mguu wa Breki

Siku mbili kabla ya safari binti yangu alinipigia simu. Hata kunisalimia vizuri hakunisalimia.

"Mama, niahidi kitu kimoja."

"Kipi?"

"Hutamfundisha gari."

"Nani?"

"Mama, unajua ni nani."

Nilijua. Mume wake ndiye aliyekuwa anakuja kunichukua. Nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya stuli nikitundika pazia, mkono wa kushoto ukavunjika karibu na kiganja, na hospitali wakaufunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Mtu anayeishi peke yake na mkono mmoja hugundua mambo mengi kwa siku chache. Hawezi kukamua nguo. Hawezi kufungua kopo la maziwa. Hawezi kufunga sidiria. Binti yangu hakutaka kusikia habari za jirani wala za msichana wa kazi. Alitaka niende kwake wiki tatu, yaishe. Na kwake ni kwenye kambi ya wapima miti, ndani kabisa ya msitu wa kaskazini, huko ambako lami hukata tamaa mapema.

"Sitamfundisha," nikamwambia. "Mimi abiria tu. Nitakaa kimya kama begi."

Akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Naomba nieleweke. Nimefundisha udereva miaka ishirini na sita. Gari letu la shule lina pedali za ziada upande wa mwalimu, na kwa miaka yote hiyo mguu wangu wa kulia umekaa juu ya ile breki ya pili kama paka aliyekaa mbele ya shimo la panya. Wanafunzi wananiita Mama Breki, wanadhani sijui. Wacha waite. Mguu huu umeokoa watu. Kuna mfamasia mmoja, mwanamke makini sana, alikuwa anatazama kioo cha pembeni kama nilivyomfundisha, na mtoto wa kike akachomoka mbio nyuma ya lori la magodoro. Gari lilisimama, yule mtoto akaweka viganja vyake viwili juu ya boneti, akatutazama. Mfamasia mwenyewe hakujua gari limesimamishwa na nini. Mimi nilijua. Usiku ule sikula.

Na mkwe wangu huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Ndivyo alivyomjua binti yangu: alikuwa akija ofisini kuulizia tarehe za mtihani, naye binti amekaa pale mapokezi. Nilimfelisha mara tatu. Mara ya nne akaenda shule nyingine, akafaulu siku ya kwanza, kisha akarudi ofisini kwangu na leseni mfukoni. Nikadhani amekuja kunikoga. Kumbe amekuja kuposa.

Basi alifika saa kumi na mbili asubuhi, na gari la kambi: fowili kuukuu la kijani, lile la kuvuta matairi yote manne, limekwaruzwa kila upande. Ni kijana mrefu, mpole, anayeongea kama mtu aliyeko maktaba. Binti yangu humwita Bwana Miti, kwa sababu kazi yake ni kuzunguka msituni akipima unene wa miti na kuandika. Akanishika mkono kunipandisha, akanifunga mkanda mwenyewe, akaweka mto chini ya plasta yangu.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa, baba. Twende."

Kwenye lami nilijitahidi. Alisahau kuwasha indiketa mara mbili, nikatazama nje. Alishika usukani kwa mkono mmoja akila yai la kuchemsha, nikasoma mabango ya maduka kwa sauti ya chini. Kila tulipokaribia gari la mbele mguu wangu ulikandamiza sakafu, na sakafu haikuwa na kitu. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga breki isiyokuwepo hajui adha yake. Unashuka safari ukiwa na msuli umekaza kama kamba ya kuanikia.

Lami iliishia kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa zamani. Hapo akasimamisha gari, akashuka, akachuchumaa kwenye tairi la mbele. Nikasikia psssss.

Nikateremsha kioo. "Pancha?"

"Hapana, Mama. Natoa upepo."

"Unatoa upepo kwenye tairi zima?"

"Likiwa laini linashika mawe vizuri. Nitautoa kwenye yote manne."

Miaka ishirini na sita nawaambia watu kila asubuhi wakague upepo kabla ya kuwasha gari, na sasa mkwe wangu amechuchumaa anautoa kwa makusudi, tairi baada ya tairi, huku akipiga mluzi. Akamaliza, akarudi, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Zimebaki kilomita ishirini na mbili," akasema. "Tukijaliwa, saa tano au sita za safari."

"Kilomita ishirini na mbili kwa saa sita? Si bora tutembee?"

Akacheka kwa adabu. Hakujua kwamba nilikuwa nauliza kweli.

Ile waliyoiita njia ilikuwa imekatwa na malori ya magogo miaka hiyo, malori yakaondoka, msitu ukaanza kuichukua tena. Misonobari imesimama pande zote mbili, mirefu, minyoofu, na ukungu umening'inia katikati yake kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Mawe makubwa yamevaa utando wa kijani unaoteleza. Mashimo yamejaa maji meusi. Kibao hakuna, mstari hakuna, bega la barabara hakuna. Niliwaza ningemfundisha nini mtu mahali kama hapa, nikakosa jibu, na hilo likanikera zaidi.

Yeye alikuwa na mtindo wake. Kila dimbwi alisimama, akashuka na fimbo, akaingia ndani na buti, akapima kina, akarudi, akakaa, akatafakari. Dimbwi la kwanza nikaona ni busara. La pili sawa. Kufika la tisa nilitamani kumpokonya ile fimbo. Na akiendesha alikuwa anaongea na gari. "Haya, mama yangu. Panda. Hivyo hivyo. Usiogope." Mara mbili nikaitika nikidhani ananiambia mimi.

Halafu tukakuta msonobari umeanguka, umelala njiani kwa unene wa pipa. Mkwe wangu akashuka, akautazama, akatoa utepe wake, akaupima. Nakwambia ukweli: akaupima, akaandika kwenye daftari, ndipo akatoa msumeno.

"Ulikuwa na miaka kama tisini huu," akaniambia kwa huzuni.

"Pole," nikasema. Ningesema nini kingine?

Alikata kwa mkono dakika arobaini na tano. Nilikaa garini nikibanwa na baridi, nikala mayai mawili, nikampigia binti yangu simu, njia ile mtandao hakuna. Kumbe alilijua hilo aliponitaka ahadi. Alijua hatakuwepo mtu wa kunizuia.

Ahadi yangu ilidumu kilomita nane. Ilianza kuvuja polepole.

"Kioo," nikasema.

"Naam, Mama?"

"Hujatazama kioo cha nyuma tangu tuache lami."

"Nyuma kuna nini, Mama?"

Nikageuka. Nyuma kulikuwa na miti.

"Ni mazoea mazuri," nikasema.

Akatazama kioo. Baada ya hapo akawa anakitazama kila dakika, shingo imekakamaa, na mimi nikajua nimefungua bomba. "Dole gumba." "Naam?" "Dole gumba liko nje ya usukani." Akaniambia kwa upole kwamba tairi likigonga jiwe usukani huzunguka ghafla na unaweza kukuvunja kidole, ndiyo maana anakiweka nje. Sikuwa nalijua hilo. Nikageukia dirisha kwa hasira, kama mtu aliyesahihishwa mbele ya darasa lake.

Saa saba mchana tukafika mahali ambapo njia ilionekana kuisha. Gari lilisimama, na mbele ya boneti sikuona kitu ila vilele vya miti.

"Hapa tunapaita Sabuni," mkwe wangu akasema. "Mama, nikueleze kabla. Ni mteremko wa kama mita themanini. Juu ni mwamba, chini ni udongo mwekundu, kushoto kuna mtaro uliochimbwa na mvua. Tukifika bondeni kuna kijito na mchanga, pako tambarare. Naweka gia ile nzito kabisa, halafu naondoa miguu. Injini yenyewe inalishikilia gari. Breki hapa haiguswi."

"Haiguswi kabisa?"

"Kabisa. Ukifunga matairi kwenye utelezi gari linakuwa mkokoteni. Linakwenda linakotaka."

"Haya," nikasema. "Wewe ndiye dereva."

Nilisema hivyo na nilimaanisha. Akaweka gia. Gari likainama. Nikaona kilichokuwa mbele yetu: ile haikuwa njia, ilikuwa ukuta uliolazwa kidogo. Mkanda ukanikaba kifua. Begi langu likatoka kiti cha nyuma likanigonga kisogoni. Gari lilikuwa linashuka taratibu kabisa, injini inanguruma, yeye ametulia, miguu ameikunja nyuma chini ya kiti. Mambo yalikuwa yanakwenda. Nasema tena, yalikuwa yanakwenda.

Ndipo tairi la mbele likateleza kwenye jiwe, kidogo tu, upana wa viganja viwili, na mdomo wangu ukafunguka.

"BREKI!"

Sijui niseme nini. Haikutoka kichwani, ilitoka mguuni, ikapitia tumboni. Na yeye, maskini, mguu wake ukatii kabla hajafikiri. Miezi minne alikaa pembeni yangu kwenye gari la shule, na kila niliposema neno lile alikanyaga. Akakanyaga.

Gari likawa mkokoteni, kama alivyosema. Nyuma ikageuka ikataka kutangulia. Nikaona miti inapita dirishani upande ambao haikutakiwa kupita. Kishindo, mlio wa kioo cha pembeni kuvunjika, tope juu ya kioo cha mbele. Tulikuwa tumelala upande wa kushoto, gurudumu la nyuma ndani ya mtaro, mlango wangu umeegemea msonobari.

"Mama, umeumia?"

"Hapana. Wewe?"

"Hapana."

Akazima gari. Akakaa mikono yote miwili juu ya usukani, akitazama mbele. Nilingoja aseme. Angesema neno moja tu, ningejitetea, tungegombana, ikaisha. Hakusema. Akasema tu, "Mawe yana maji leo," akatoka kupitia mlango wake, akanishika mkono mzima akanivuta nje kama anayetoa mtungi kisimani, polepole, nisigonge plasta.

Hapo ndipo nilipochukia kwelikweli. Mtu akikukosea na kukutukana, una pa kumshika. Lakini huyu alikuwa ananifunika kwa adabu. Mama mkwe hakosei. Mama mkwe akikosea, mawe yana maji.

Alitoa winchi ya mkono, ile ya waya yenye mpini wa kusukuma mbele na nyuma. Akachagua mti upande wa juu. Nikadhani atafunga. Wapi! Akarudi garini, akatafuta gunia, akalikunja, akauzungushia mti kwanza ili waya usichubue gamba.

"Baba," nikasema, "gari liko mtaroni."

"Ndiyo, Mama. Lakini mti huu haujatukosea."

Akaanza kusukuma mpini. Kila msukumo gari lilisogea upana wa kidole. Ubavu wa gari ukaachana na ule msonobari, lakini sehemu ya nyuma ikagoma kutoka mtaroni, ilipanda, ikarudi. Akafuta jasho, akanijia. Nikaona ana jambo na anaogopa kulisema.

"Mama, itabidi mtu akae kwenye usukani. Nikivuta kutoka huku, mwingine ageuze matairi ya mbele. Likitoka mtaroni nitalifungua waya, halafu lishuke lenyewe mpaka kwenye mchanga. Mkono mmoja unatosha."

"Na mguu?"

"Mguu haufanyi kitu. Gia nimeshaweka. Utazungusha ufunguo tu, likianza kwenda unaliacha. Ukifika kwenye mchanga unazima. Mama..." Akasita. "Usiguse breki. Chochote kitakachotokea."

"Nimesikia."

"Chochote, Mama."

"Nimesikia, baba!"

Nikapanda. Ilikuwa mara ya kwanza kushika usukani tangu niumie, na nilijiona nimerudi nyumbani. Nusu saa yeye alisukuma, mimi nikageuza matairi kulia, kushoto, kulia, mpaka nyuma ikapanda na gari likanyooka kuangalia bondeni. Akafungua waya. Akapaza sauti, "Twende!" Nikazungusha ufunguo. Gari likaruka kidogo, likaanza kushuka. Mita moja. Mbili. Tano. Nilikuwa nasema moyoni usiguse, usiguse, usiguse. Likateleza nusu hatua. Nikagusa.

Nilikanyaga. Na nyuma ikageuka ileile, ikaenda kwenye mtaro uleule, hatua kumi chini ya mahali tulipokuwa.

Nilibaki nimekaa, usukani mkononi, najitazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyepanda gari bila ruhusa. Nikamsikia anashuka. Hakuwa anatembea taratibu.

"Mwalimu!"

Si Mama. Mwalimu. Alikuwa amesimama mlangoni, tope mpaka mapajani, na sura ambayo sikuwahi kuiona.

"Mwalimu, nilikuomba kitu kimoja! Sikukuomba ufanye kitu, nilikuomba usifanye! Mtu anashindwaje kutofanya?"

"Usinipandishie sauti."

"Napandisha! Miaka saba nakusikia! Niko peke yangu kwenye gari hili, ndani ya msitu, mtu hakuna, nakusikia. Kioo! Mikono! Breki! Naoga, nakusikia! Unajua kwa nini nilifaulu siku ya kwanza ile shule nyingine? Kwa sababu yule mzee alikuwa amesinzia!"

"Kwangu uligonga koni tatu," nikasema.

"Mbili! Ya tatu iliangushwa na upepo!"

"Hakukuwa na upepo siku ile."

"Kulikuwa na upepo!"

Sauti yake ikaenda ikagonga upande wa pili wa bonde, ikarudi. Upepo, upepo. Akaisikia mwenyewe. Akaziba mdomo kwa mkono wenye tope, na ulipotoka, ukamwachia masharubu mekundu.

"Mama," akasema kwa sauti yake ya maktaba. "Nisamehe. Sijui imetoka wapi."

Nilitakiwa nikasirike. Niliitafuta hasira, nikaikuta, lakini haikuwa imemwelekea yeye. Kusema kweli nilipata nafuu, kama mtu aliyefunguliwa dirisha kwenye chumba chenye joto. Tangu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimekaa na mkwe; sasa angalau kulikuwa na mtu.

"Wewe unaujua mteremko huu," nikamwambia. "Mimi siujui. Kichwa changu kimekuelewa tangu mara ya kwanza. Mguu ndio hausikii. Sasa nifundishe. Nifanyeje na huu mguu?"

Akanitazama kuona kama namtega. Alipoona sitegi, akafikiri, mkono kidevuni, tope likaongezeka.

"Vua viatu," akasema. "Panda kitini. Kunja miguu yote miwili, uikalie kama uko kwenye mkeka. Ukitaka kukanyaga, uwe huna cha kukanyagia."

Katika maisha yangu yote ya kazi, mwanafunzi angekaa hivyo kwenye kiti cha dereva ningemshusha barabarani arudi kwao kwa miguu. Nikavua viatu. Nikakunja miguu, nikavuta sketi, nikakalia nyayo zangu. Magoti yalilia. Nikawa mrefu garini, kichwa karibu kugusa paa, mkono mmoja wenye plasta umelala mapajani, mwingine juu ya usukani, dole gumba nje.

Ikachukua nusu saa nyingine ya winchi. Gunia, mti mwingine, mpini mbele na nyuma. Sasa alikuwa anahema, viganja vimechunika. Gari likapanda, likanyooka. Akafungua waya, hakupiga kelele safari hii, alikuja dirishani.

"Likiteleza, elekeza usukani kule linakotelezea. Usilipinge. Litarudi."

"Sawa, mwalimu," nikasema.

Akageuza uso. Nikazungusha ufunguo.

Gari likaanza kwenda. Likaingia kwenye udongo mwekundu, injini ikanguruma kwa chini, na nikahisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi kwenye gari lolote: lilikuwa linajizuia lenyewe, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji kichwani. Mita kumi. Ishirini. Likateleza. Mguu wa kulia ukaruka chini yangu, nakuapia, ukataka kutoka. Nikaukalia kwa uzito wangu wote. Pua ya gari inakwenda kushoto. Nikapeleka usukani kushoto, jambo ambalo kila mfupa mwilini ulilikataa. Gari likafikiri kidogo. Kisha likarudi kwenye mstari, taratibu, bila kinyongo.

Likateleza tena mara tatu. Nilikuwa natoa sauti, sijui za nini, kama mtu anayechomwa sindano. Hatimaye pua ikainuka, mchanga ukasikika chini ya matairi, maji ya kijito yakaonekana mbele. Nikazima.

Nikasikia anakuja nyuma yangu, mara mbio, mara amekaa na kuteleza kwa makalio, akiita, "Mama! Mama!" Akafika dirishani hana pumzi.

"Umeweza! Mama, umeshuka Sabuni! Kuna madereva wa lori waliorudi pale juu!"

"Nifungulie mlango."

Akafungua. "Shuka, Mama, unyooshe mwili."

"Siwezi. Miguu imekufa ganzi."

Akajikaza asicheke, ikamshinda. Akaegemea gari, akacheka mpaka akachuchumaa mchangani, na mimi nimekaa juu kule kama kuku anayeatamia, namwambia aache upuuzi anitoe, kila nikisema anazidi. Mwishowe nami nikashindwa. Alinibeba akaniweka kwenye jiwe, akanisugua vifundo vya miguu mpaka nikaanza kuhisi sindano. Ndipo tulipoona plasta. Nilikuwa nimeitumia kujishikilia, kusukuma, kufuta tope kwenye kioo. Ilikuwa imelainika kama mkate uliotumbukia kwenye chai.

"Atatuua," akasema mkwe wangu.

"Atatuua," nikakubali.

Usidhani baada ya hapo safari ilikuwa raha. Zilibaki kilomita tisa, na sasa akawa ananiuliza kila kitu. "Hapa nipite kulia au kushoto, Mama?" "Gia hii ni sawa?" "Hili jiwe unalionaje?" Mwanzo nilijibu. Baadaye nikamwambia, baba, endesha gari, niache nilale. Akanyamaza dakika mbili, kisha akaniuliza kama nimelala. Halafu kulikuwa na madimbwi mengine sita, na fimbo ileile.

Tulifika kambini saa kumi na moja jioni. Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya nyumba za mabati, mikono kiunoni. Akazunguka gari zima bila kusema. Kioo cha pembeni hakipo. Mlango umebonyea. Bampa limeng'ang'ania kwa upande mmoja. Akatutazama sisi, mmoja na masharubu ya tope, mwingine hana viatu.

"Siku moja," akasema. "Nimewaachia siku moja tu."

Kisha akaona mkono wangu, akapiga ukelele, na kwa muda wa saa nzima hapakuwa na mwingine aliyeruhusiwa kuzungumza. Aliikata ile plasta kwa mkasi, akanifunga mkono kwenye vipande viwili vya ubao na bandeji, akilalamika kuhusu mifupa, kuhusu madaktari, kuhusu watu wazima wasiosikia. Mumewe alishika taa na bandeji, akikubali kila kitu.

Wakati wa chakula tulikaa sisi watatu na mpishi wa kambi, mtu mnene, mdadisi, ambaye alikuwa ameshaenda kulikagua gari mara mbili.

"Sasa Bwana Miti," mpishi akauliza, "wewe umeshuka Sabuni mara mia. Leo imekuwaje?"

"Mawe yalikuwa na maji," mkwe wangu akasema, akachovya mkate. "Utelezi tu. Bahati mbaya."

Nikaweka kijiko chini. Katika miaka ishirini na sita nimeandika ripoti nyingi za ajali ndogondogo, na sijawahi kutia saini iliyosema uongo. Tena alivyosema kwa upole, kama anayenifunika shuka, nikajua nikikaa kimya leo tutaishi hivyo mpaka nizikwe: yeye ananifunika, mimi nachemka chini ya shuka.

"Si mawe," nikasema. "Ni mimi. Alikuwa anashuka vizuri, nikampigia kelele ashike breki, akashika. Halafu akaniweka kwenye usukani, akaniambia nisiguse, nikagusa."

Mpishi akaacha kutafuna. Binti yangu akanitazama mimi, akamtazama mumewe, akarudi kwangu.

"Mara mbili?" akauliza. "Mama, ulikanyaga breki kwenye Sabuni mara mbili?"

"Mara mbili."

Mkwe wangu alikuwa ameinamia sahani yake, masikio yamemwiva.

"Ile ya pili," akasema polepole, "haikuwa kubwa sana."